Kabla ya Kutoa Fedha za Bawa la Mawimbini

Ukitoka Juba mjini ukavuka Mto Naili kwenda upande wa mashariki, barabara ya Nimule hukupitisha Gumbo na Sherikat kabla ya kuishika safari ya kilomita 192 hadi mpakani mwa Uganda. Kwa barabara hiyo, iliyomalizwa kutiwa lami mwaka 2012, hupita unga, saruji, mabati, sabuni na vitu vingine vingi vya kuliwa na kujengewa katika mji ule. Kwa barabara hiyo hiyo lilikuja begi moja refu la buluu, alilolipakata mpwa wangu magotini tangu Kampala, na ambalo dada yangu alipolifungua uani alidhani ni hema la jeshi lililokunjwa vibaya.

Halikuwa hema. Lilikuwa bawa la kujaza hewa, la kushikwa kwa mikono, ambalo vijana wa pwani hulitumia kuendea mawimbini. Lilikuwa na ugonjwa, na mwenyewe alikuwa amelileta nyumbani pamoja na ombi la fedha za kununulia jingine. Fedha zenyewe zilikuwapo: dola 600 ambazo dada yangu alikuwa amezikusanya kidogo kidogo kutokana na biashara yake ya chai, na ambazo zilikuwa zimekusudiwa mabati ya chumba cha pili kabla ya mvua za Aprili. Shemeji yangu, ambaye ni askari wa miaka mingi, alilizunguka lile bawa mara mbili kama anayekagua gwaride, kisha akauliza swali moja tu: "Hiki kitu kilimfanya nini mtoto hata akarudi?"

Nimeona vyema kuyaandika yaliyojiri uani pale kwa sababu wako watoto wa askari na wa polisi wanaojitafutia riziki Diani na Paje kwa kuwafundisha wageni michezo ya majini, na barua zao za kuomba fedha za vifaa huishia mikononi mwa wazazi ambao hawajapata kukiona kifaa chenyewe. Mzazi asiyekijua kifaa hana njia ila mbili: kutoa fedha kwa macho yaliyofumbwa, au kukataa kwa hasira. Zote mbili hazifai.

TANGA LISILO NA MLINGOTI

Kwa wasiolijua, bawa hili ni tanga lisilo na mlingoti. Mwenye kulitumia husimama juu ya ubao. Chini ya ubao umefungwa mguu mrefu wenye visahani viwili kama mabawa ya ndege, vinavyopita ndani ya maji. Wenyewe huuita foili. Ubao ukishika mwendo, foili huuinua ukaenda hewani, nao mguu peke yake ukawa unakata maji. Bawa la mkononi halikufungwa ubaoni hata kidogo. Lina mrija mkuu wa mbele, uliopinda kama upinde, na mrija wa kati unaotoka kifuani kwenda nyuma, na baina ya mirija hiyo kimewambwa kitambaa. Asili ya mirija ya namna hii ni tiara za kujaza hewa walizozibuni ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliosajili ubunifu wao mwaka 1984. Mabawa ya kushika mkononi yaliingia madukani mwaka 2019, Duotone na Naish wakiwa miongoni mwa waliotangulia kuyauza.

Sisi tuliozaliwa pwani hatuna haki ya kulishangaa sana. Baba yetu alikuwa mshona matanga ya ngalawa, na mambo aliyokuwa akiyatazama katika tanga kuukuu, yaani kitambaa kilichochoka, mshono uliolegea na pembe iliyovutika, ndiyo hayo hayo yanayotazamwa katika bawa. Lililozidi ni hewa. Na hewa ndiyo iliyotaka kutuletea msiba.

ILIVYOTOKEA

Mpwa wangu alikuwa amelinunua bawa lake Diani kwa mtu aliyekuwa akisafiri, kwa bei iliyomfurahisha. Lilikuwa bawa la mita za mraba 6, la miaka ya mwanzo. Hakulijaza likalala na hewa, hakuitazama valvu. Siku ya tatu, katika upepo wa kusi, alitoka nalo kupitia mlango wa mwamba hali maji yakipwa. Nje ya mwamba, gundi iliyoishika valvu kwenye mpira wa ndani ikaachia, na mrija mkuu ukalegea kama utumbo. Bawa lililolegea haliendeshi wala haliinuki kutoka majini, na maji ya kupwa yalikuwa yakimtoa nje zaidi.

Alifanya jambo moja la busara: hakuuacha ubao. Alilivuta bawa, akalikunja juu ya ubao, akakaa juu yake akiwa amevaa jaketi la kuelea, akaipunga mikono. Wavuvi wa ngalawa waliokuwa wakirudi ndio waliomchukua. Mama yake aliyasikia hayo kwa mara ya kwanza pale uani Sherikat, kijana akijibu swali la baba yake, na kwa muda mrefu hakusema neno. Kisha akasema, "Kaka, wewe ndiwe mtu wa bahari. Sema kama nitoe au nisitoe."

Sikutaka kusema upesi. Kijana alikuwa na kazi ya kweli, na siku anazokodi bawa la mwingine sehemu kubwa ya ujira wake huishia kwa mwenye bawa. Lakini mabati nayo hayangoji.

FUNDI WA MATAIRI

Kulipokucha tulilipeleka bawa kwa fundi wa matairi aliyeko kando ya barabara. Ni fundi hodari, na mara moja alitaka kutia kiraka cha mpira na kukichoma kwa moto kama afanyavyo tyubu za pikipiki. Ilinibidi nimshike mkono. Mpira wa ndani wa bawa si mpira wa tyubu. Aghalabu ni aina ya plastiki nyembamba iitwayo TPU, ambayo haishikani na gundi ya kawaida ya baiskeli, na ikiguswa na moto huyeyuka. Hutaka kiraka cha TPU chenye gundi yake, nacho hubandikwa mahali palipofutwa kwa spiriti na kukauka kabisa. Valvu nayo huuzwa ikiwa imekwisha kushikamana na kipande kipana cha kubandika.

Tulipoyasema haya, mpwa wangu alilipekua begi lake akatoa mfuko mdogo ambao hajapata kuufungua tangu alinunue bawa. Ndani yake mlikuwamo viraka vitatu na valvu mpya. Mjomba hakusema kitu. Baba mtu alisema kidogo.

Fundi alitusaidia kwa beseni na maji ya sabuni, kazi aijuayo kuliko sisi sote. Tuliutoa mpira wa ndani, tukaujaza hewa kidogo, tukaupitisha majini hatua kwa hatua. Mbali na valvu, palionekana mapovu membamba mahali pawili ambapo mpira ulikuwa umejikunja na kusuguliwa na mchanga. Muuzaji ama hakuyajua hayo, ama aliyajua.

KIPIMO NA UPEPO

Sasa nije kwenye uchaguzi wenyewe. Ukubwa wa bawa hufuata uzito wa mtu na nguvu za upepo. Upepo baharini hupimwa kwa noti, na noti moja ni mwendo wa kilomita 1.85 kwa saa. Mtu wa kilo 70 au 75 ambaye amekwisha kujifunza, bawa la mita za mraba 5 humfaa kwa upepo wa noti 13 hadi 20 hivi. La mita 4 humfaa kuanzia noti 17 hadi 26. Na la mita 3 ni la siku za upepo mkali kuliko huo. Anayejifunza huhitaji bawa kubwa kidogo. Mwenye uwezo hununua matatu. Mtoto wa askari atanunua moja, kwa hiyo hana budi kulichagua lile litakalomfanyia kazi siku nyingi zaidi.

Diani na Paje zina misimu miwili ya upepo: kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi, ambao hushika vizuri kuanzia Juni hadi Septemba. Baina yake upepo hupoa au huyumba. Kwa kijana mwepesi katika pepo hizo, bawa moja la mita 4.5 au 5 ndilo jibu, na hapa iko hila moja inayookoa fedha: upungufu wa bawa unaweza kufidiwa na foili. Foili yenye kisahani kipana cha mbele huinuka mapema katika mwendo mdogo, na hivyo bawa la mita 4.5 hufanya kazi ambayo kwa foili ndogo ingedai mita 5 na nusu. Afadhali kuazima au kubadilishana foili kuliko kununua bawa la pili.

MAWIMBINI NI JAMBO JINGINE

Muuzaji atakuambia kuwa bawa kubwa lina nguvu, na hilo ni kweli. Lakini mwenda mawimbini halihitaji bawa muda wote. Hulitumia kutoka ufukoni na kupanda joshi mpaka wimbi linapoinuka. Akishalidaka, nguvu huwa ya wimbi, na bawa hugeuka mzigo. Hapo huliachia kwa mkono mmoja, akalishika kwa kishikio cha mbele tu, likaelea nyuma yake kama bendera huku yeye akigeuka kulia na kushoto juu ya mteremko wa maji.

Kwa hiyo sifa ya kwanza ya bawa la mawimbini ni utulivu linapoachiwa. Bawa baya hujipindua, huyumba, hupiga mbizi, humvuta mwenyewe upande asioutaka wakati wimbi liko mgongoni mwake. Sifa ya pili ni ufupi wa mabawa toka ncha hadi ncha. Bawa refu huchovya ncha majini mtu anapoinama kugeuka, na ncha ikishika maji katikati ya wimbi, mtu huanguka karibu na foili yake mwenyewe, ambayo kingo zake ni kali. Sifa ya tatu ni wepesi, na wa nne ni uharaka wa kushika upepo tena pale wimbi linapokwisha, ili mtu asibaki amesimama mahali ambapo wimbi linalofuata litamvunjikia.

Lile bawa la mita 6 lilishindwa katika yote manne, hata kabla ya valvu kuachia. Lilitengenezwa kwa maji matulivu na upepo mdogo.

Majaribio yake hayahitaji bahari. Simama ufukoni penye upepo, shika kishikio cha mbele tu, tembea, geuka, zungusha mkono taratibu kulia na kushoto. Likifuata kama mbwa aliyefunzwa, ni zuri. Likipigana nawe mchangani, litapigana zaidi majini. Muuzaji asiyekubali jaribio hili la dakika tano, mshukuru uende zako.

Vishikio viko vya namna mbili: laini, vya utepe, na vigumu, vya fimbo. Vigumu humpa mtu amri kamili kwa mkono mmoja na havichoshi kidole. Vilaini ni vyepesi, vya bei nafuu, na hukunjika vizuri begini. Mimi ningetoa fedha kidogo zaidi kwa vigumu, lakini singeacha bawa zuri kwa sababu ya vishikio. Kuhusu dirisha la plastiki la kuangalilia upande wa pili, lina faida penye watu wengi mawimbini. Huongeza uzito, nalo likikunjwa vibaya hupasuka.

KUKAGUA BAWA LILILOTUMIKA

Bawa jipya la kitambaa cha kawaida, yaani mirija ya dakroni na kitambaa cha poliesta kilichofumwa kisiendelee kuchanika, huuzwa takriban dola 700 hadi 1,200. Yako ya nyuzi ghali zaidi, kama Aluula, ambayo ni mepesi na magumu sana na bei yake huweza kukaribia dola 2,000. Hayo waachiwe wanaoshindana. Kijana wa kazi atafute bawa la dakroni lililotumika msimu mmoja au miwili, ambalo bei yake mara nyingi imekwisha kushuka karibu nusu. Tahadhari ni kwamba bawa la mwalimu hufanya kazi kila siku juani, na misimu miwili yake ni sawa na misimu mingi ya mtalii.

Shemeji yangu alipoona naandika mambo ya kukagua, alikaa nami. Alikuwa na maswali ya mtu aliyezoea kupokea vifaa stoo kwa kutia saini. Tulianza na kitambaa, kwani jua ndilo linalokila kuliko maji. Kitambaa kizima huwa kikavu na chenye sauti kama karatasi mpya. Kilichochoka ni laini kama shuka, rangi imepauka, na ukikinyoosha baina ya vidole gumba hakirudi. Kiinue kuelekea juani utafute matundu. Utazame ukingo wa nyuma: ukiwa umevutika utapigapiga upepo usiku na mchana, na hakuna fundi wa kuurudisha.

Kisha mishono ya mrija mkuu, hasa panapogusa ardhi na kwenye ncha zinazoburutwa juu ya matumbawe. Uzi uliolika mahali pamoja unaweza kushonwa; uliolika mstari mzima, bawa hilo litapasuka siku litakapojazwa sawasawa. Kisha hewa. Lijazwe mpaka kipimo kilichoandikwa karibu na valvu, ambacho kwa mabawa mengi ya dakroni ni baina ya ratili 6 na 8 kwa inchi moja ya mraba, kwa pampu yenye saa. Liachwe kivulini usiku kucha. Asubuhi likiwa limelegea, kuna tundu. Valvu zipanguswe maji ya sabuni. Palipo na mpira mwembamba unaoiunganisha mirija miwili, pawe na kibano cha kuufunga, ili mrija mkuu ukipasuka wa kati ubaki na hewa yake. Na pampu yenyewe ijaribiwe, kwani midomo ya valvu hutofautiana, na bawa lisiloingia pampu ni pambo.

"Mshono wa kitambaa naweza mwenyewe," alisema dada yangu, ambaye cherehani yake ilishona sare nyingi kabla ya kuuza chai. Anaweza, kwa sharti moja: mpira wa ndani utolewe kwanza. Sindano moja tu iliyopitiliza itafanya matundu mia. Machano madogo ya kitambaa hayahitaji cherehani. Utepe wa kubandika wa matanga, pande zote mbili, hutosha kwa muda mrefu.

Nyumbani, bawa lioshwe kwa maji baridi, likaushwe kivulini, lisikunjwe likiwa na unyevu, wala lisiachwe limejaa juani, maana hewa ya ndani hupanuka na gundi hulegea. Begi litundikwe juu. Panya hawajui bei yake.

MWAMBA, MAJI NA MWANI

Kifaa kizuri hakimsaidii asiyeyatazama maji. Katika bamvua bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na foili yenye mguu wa sentimita 75 au 85 hudai kina kinachozidi mita moja popote unapopita. Maji yakipwa, uwanja mzima wa ndani ya mwamba hugeuka mahali pa kuvunjia miguu na foili. Nje ya mwamba ndiko kwenye mawimbi, na kurudi ni kwa mlango; basi atoke maji yanapojaa, yamrudishe nyumbani, asitoke yanapopwa. Kamba ya bawa iwe kiunoni au mkononi, kamba ya ubao mguuni, jaketi kifuani, na mtu mmoja ufukoni ajue umetoka saa ngapi.

Paje na Jambiani kuna jambo la ziada. Akina mama wa huko wanalima mwani ndani ya mwamba, kazi iliyoanza huko kwa biashara mwaka 1989, wakifunga miche kwenye kamba zilizokazwa juu ya vigingi. Foili ikipita juu ya kamba hizo hukata kazi ya wiki kadhaa. Kijana anayekwenda kufanya kazi kule aulize kwanza mashamba yako wapi, akiwa kwa miguu.

Mpwa wangu aliomba tena ruhusa ya kulijaribu bawa Naili, pale chini, kabla ya kurudi. Alikataliwa na watu watatu kwa pamoja. Mkondo hauna huruma, mamba wamo, kina hubadilika na mafungu ya mchanga, na upepo wa mtoni hupigwa na miti ukaja vipande vipande.

UAMUZI WA UANI

Siku ya nne bawa lilikuwa limetiwa viraka viwili na valvu mpya. Tulilijaza jioni ndani ya chumba cha mbele, nalo likajaa ukuta hadi ukuta, watu wakawa wanapita chini yake wakiinama kwenda kulala. Asubuhi shemeji yangu alilibonyeza kwa kidole gumba mahali pengi, polepole, bila kusema. Lilikuwa gumu vile vile.

Ndipo ilipoamuliwa. Bawa la mita 6 litarudi Diani na kuuzwa kwa mwenye kufundisha wanafunzi wa mwanzo katika maji matulivu ya ndani, ambako ukubwa wake ni faida, naye ataonyeshwa viraka vyote viwili na ile valvu. Fedha zitakazopatikana zitaongezwa na dola 150 za mama, na salio kijana atalitoa katika ujira wake wa msimu wa kusi. Zitatafuta bawa la mita 4.5 la dakroni, lenye vishikio vigumu likipatikana, lililolala na hewa usiku mmoja mbele ya macho yake. Dola 450 zilizobaki zilikwenda siku ile ile kununua mabati, ambayo hayakutosha paa zima, ila upande unaopigwa na mvua.

Kijana aliondoka Jumatatu kwa basi la Nimule, begi magotini. Mfuko wa viraka alikuwa ameuhamishia mfuko wa shati.